Mlingoti wa Haneti

Haneti, Januari

Kwa mwanangu Angelina,

Marahaba, maana najua umeniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Mimi baba yako nina miaka themanini na moja. Njaa nimeishinda, ndui nimeishinda, na wenyeviti wa kijiji walionibishia nimewazika wote. Kwa hiyo ukiona mwandiko unatetemeka, si uzee, ni hasira. Hujambo huko Makole? Mjukuu wangu Jordan kikohozi kimemwacha? Sisi wazima, ila uwele unakauka ungali kimo cha kidole.

Sikupiga simu kwa sababu vijana wamekaa nje ya nyumba wananisikiliza. Barua anakuletea Mbwana, yule Mrangi mwenye duka.

Habari yenyewe ni ule mlingoti wa kampuni yenu. Mafundi wenu waliusimamisha karibu na korongo baada ya mavuno, una kioo cha jua, vikombe vinavyozunguka na ndoo iliyoachama kutazama mbingu. Wakazungusha senyenge, wakatia kufuli, wakapanda gari. Hawakuitisha mkutano, hawakunywa hata maji ya mtu.

Sasa mvua ilinyesha mara moja, watu wakapanda, ikakata. Kila jioni mawingu yanakuja mazito, yakifika pale juu yanageukia Kondoa. Watu wakasema ile ndoo inafunga mvua. Jirani yetu Ruthu, aliyepanda mbegu yake ya mwisho, akaapa ameviona vikombe vikiyapungia mawingu yaende zao. Nilicheka, lakini nilicheka peke yangu.

Jumatatu akaja binti wa kampuni yenu, Sabrina, kufuta vumbi kwenye kioo. Wakamzunguka. Mzee mwenzangu Matonya, na domo lake unalijua, akamuuliza chombo hiki kazi yake nini. Binti akatoa shikamoo kwanza, akasema kinapima mvua. Hapo ndipo alipoharibu. Matonya akawageukia watu, akawauliza tangu lini mtu akaja Haneti na mizani asiondoke na magunia. Kama mvua yetu inapimwa, basi mnunuzi ameshapatikana!

Binti akajitetea kwamba mvua kubwa ikinyesha milimani, mlingoti utatuma ujumbe kwenye simu zetu, bure, tutoe watu na mifugo korongoni kabla maji hayajashuka. Wakamuuliza mbona jambo jema hivyo limefanywa kimyakimya kama wizi. Binti akaanza kulia. Mmoja akamkamata mkono, mwingine akapiga kelele afungwe kamba akae juani mpaka inyeshe, kama walivyofanyiwa wafunga mvua wa zamani. Matonya alikuwa ameshapokea shoka.

Krismasi nilikuuliza habari za mlingoti huu, ukaniambia wakubwa wako hawapendi kutangaza msaada, wanaona ni kujisifu. Waambie baba yako anasema wajisifu! Mimi nikichimba choo kijiji kizima kinajua, ndiyo maana hakuna aliyewahi kutumbukia. Waje na kipaza sauti gulioni, waje kanisani baada ya ibada, waseme Kigogo, wafungue senyenge akina mama watie mikono yao ndani ya ile ndoo waone haina kitu.

Lakini waje kabla ya Jumamosi, mwanangu. Sijakwambia lote.

Shoka lilipoinuliwa niliwaambia mlingoti ni wangu. Nilisema nimeuagiza mimi, binti nimemwita mimi, na atakayeugusa amegusa zizi langu. Nikaukumbatia. Wakarudi nyuma, maana wananiogopa, na binti akapata nafasi ya kuwasha pikipiki yake. Sasa mfunga mvua ni mimi. Ruthu haitikii salamu yangu. Jumamosi kuna mkutano, na isiponyesha wanasema nitafungwa kamba kwenye mlingoti wangu mwenyewe.

Usiniambie nikimbilie Makole, sitakuja. Wala sitakana, kwa sababu nikikana mlingoti utakatwa siku hiyo hiyo, na maji yakishuka, kule korongoni wanachunga watoto wa hawa hawa wanaonitukana. Polisi usiwalete, watu watasema kumbe kweli. Mlete mkubwa wako, mwenye mlingoti.

Msalimie mumeo, na Jordan umwambie babu yake hajambo.

Wakubwa wakisema nimetunga, wamuulize Sabrina hapo hapo ofisini. Wamuulize Mbwana, aliona yote akiwa mlangoni pa duka. Na wa tatu ni Matonya. Tulitoka jando moja, anajua sijawahi kumiliki hata redio. Alinitazama machoni, akajua nadanganya, akashusha shoka. Jumamosi sijui atasema nini, ila ukweli anao.

Ni mimi baba yako,
Sila