Bambo la Kaka Yohana

Msalato, Jumanne

Hata chai hakuisubiri. Kaka Yohana alifika kutoka Kibaigwa, akanipa simu yake kabla hajaketi. "Wewe umesomea kompyuta. Nikagulie hii sarafu mpya ya mtandaoni. Wanasema itapanda."

Kaka yangu hanunui gunia la mahindi bila kulichomeka bambo lake la chuma hadi chini aone punje zinazotoka, hata kama ni la mchungaji. Juu kila mtu anaweka mazuri, ndivyo anavyosema.

Basi nami nikachomeka. Picha za waanzilishi ni za watu wengine kabisa. Karibu sarafu zote wamejiwekea wenyewe. Mbaya zaidi, ukishanunua huwezi kuuza mpaka wao waruhusu.

Nikamwonyesha kimoja kimoja, akawa anaitikia kwa kichwa, taratibu.

"Usinunue, kaka."

Akaichukua simu yake, akaitia mfukoni. Namjua.

"Umeshanunua?"

"Wiki iliyopita. Aliyeniingiza ni katibu wa kwaya yetu. Nikasema, mwenye gunia namjua."

Nikauliza hela katoa wapi. Akaangalia mlango. Ameuza ng'ombe wa mahari yangu, waliokuja nilipoolewa, wale ambao marehemu baba alisema wasiguswe, mama apate maziwa.

Nikamsindikiza hadi barabarani.

Mama amepiga sasa hivi. Yohana alimwambia ng'ombe wako malishoni upande wa Kondoa. Anauliza watarudi lini, maana mvua zinakaribia.

Nimemjibu nitamuuliza kaka.