Bingwa wa Dirishani

Kibiti,
Mei 1994

Kwa dada yangu mpenzi Mwanaharusi,

Assalaam alaykum. Kwanza nakujulia hali wewe, shemeji Abdulkarimu, na mwanenu Salama, ambaye naambiwa sasa anatambaa mpaka jikoni kwa majirani. Homa ya shemeji imepoa? Na mpunga wenu, maji yameuacha au yameuchukua? Sisi huku kwa jumla hatujambo. Mama goti humsumbua mvua ikikaribia, na kwa kuwa mvua haiondoki, goti nalo haliondoki. Baba mdogo Kibwana ni mzima, na biashara yake ya mitumba inakwenda na kukwama kama barabara yenyewe. Kaka yetu Bashiru ni mzima wa mwili. Habari zake nyingine utazisoma mbele.

Mimi ni mzima, nimo ndani. Nilipomaliza darasa la saba na jina langu likakosekana miongoni mwa waliochaguliwa, sikukaa sana nikawekwa ndani kama ulivyowekwa wewe. Somo wangu ni Bibi Sikudhani yuleyule aliyekufunda, na bado jiwe lake la kusugulia, ule msio, ni kali na ulimi ni mkali zaidi. Wewe umepita humu, kwa hiyo sina haja ya kukueleza jinsi siku inavyokuwa ndefu. Lakini wakati wako hapakuwa na mpira wa barafu. Hilo ndilo linalonifanya niandike, maana nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

Baba mdogo alirudi kutoka Dar es Salaam na marobota ya nguo, na juu ya marobota akafunga kitu kikubwa kama kitanda cha mtoto. Ni ubao mweupe wenye kingo, na juu yake wamesimama watu wa bati wenye fimbo, nusu wekundu na nusu wa buluu, kila upande na kipa wake. Pembeni mna vyuma. Ukisukuma chuma, mtu wako anakwenda mbele; ukikizungusha, anapiga. Baba mdogo alieleza kuwa huo ni mpira wa nchi za baridi, unachezwa juu ya maji yaliyoganda. Bibi Sikudhani akamjibu kwamba barafu anaijua, huja kwenye masanduku ya kamba wabichi kutoka Nyamisati, na hajaona mtu mwenye akili zake akisimama juu yake. Karatasi ya kanuni ilikuwa kwa lugha ngeni, hata mwalimu mkuu aliigeuza juu chini kisha akairudisha. Basi wakajitungia kanuni zao. Kile kidude cheusi cha kupigwa kilipotea mapema, wakaweka kifungo cha koti la mtumba, na kifungo kikateleza vizuri kuliko kidude.

Vijana wa barazani wakaanzisha ligi, kila mmoja na timu yake. Fikirini, yule fundi baiskeli, akachukua Bungu. Mwingine akachukua Ngorongo, mwingine Nyamisati. Bashiru alipokosa jina akaniuliza mimi kwa mzaha kupitia mlangoni, nikamwambia aiite Mkongo, kwa kuwa ndiko uliko wewe. Kwa hiyo, dada, unakaa katika mji mkubwa wa mpira wa barafu na hujui.

Ubao uliwekwa chumbani kwangu, maana chumba cha mwali hakiingiwi ovyo na hakuna wa kuuiba. Alasiri waliutoa kwa dirishani, wakimaliza wakaurudisha. Asubuhi wanaume wakiwa shambani nilikuwa nao peke yangu. Nilicheza mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto mpaka mkono wa kushoto ukaanza kushinda. Niligundua kwamba kipa hatakiwi kukimbizana na kifungo. Anatakiwa kusimama mahali kifungo kitakapokuja. Hayo hakunifundisha mtu, na hakuna aliyeniuliza.

Mkongo ya Bashiru ilikuwa inafungwa na kila mtu. Fikirini alikuwa akimwambia kuwa timu yake ina watu wa bati lakini kocha wake ni wa udongo. Kisha Bashiru akajikata kidole kwa panga siku aliyotakiwa kucheza na Fikirini huyohuyo. Kwa kanuni yao asiyetokea amefungwa. Ndipo akaja kuniomba. Aliwatangazia wenzake kwamba kidonda hakitaki mvua, kwa hiyo yeye atachezea ndani, na ubao ukawekwa dirishani, nusu ndani na nusu nje. Bibi Sikudhani akatundika kanga ikaacha nafasi ya shubiri tu juu ya ubao. Mimi niliuona uwanja na mikono ya mwenzangu, basi. Tangu hapo wanaume wa Kibiti nawajua kwa mikono. Ya Fikirini ina grisi kwenye kucha, na akizidiwa vidole gumba hutetemeka.

Siku ile vilitetemeka sana. Fikirini akapaza sauti kumuuliza Bashiru leo amekula nini. Dada, Bashiru alikuwa amesimama nyuma yake. Alishindwa kuvumilia chumbani bila kuona watu wanavyoshangaa, akazunguka kwa uani, na alikuwa barazani anatafuna hindi la kuchoma. Akajibu kwamba amekula mahindi. Watu walicheka mpaka baba mdogo akatoka dukani kuuliza kuna msiba gani.

Kwa hiyo walijua wote. Nilidhani nitapigwa, lakini baba mdogo alipenda kuona baraza limejaa, maana waliojaa walinunua na nguo. Bibi Sikudhani ndiye aliyetoa hukumu. Alisema mwali haonekani, na mikono nayo ni mwili, kwa hiyo niifunike kwa kanga. Alisema mwali hasikiki, kwa hiyo nisicheke wala nisilie goli likiingia. Na mwali hatajwi mbele ya wanaume mpaka atolewe, kwa hiyo anayecheza ni Bashiru. Wote wakakubali. Ikawa Mkongo inacheza dirishani, Bashiru anasimama nje na kushangilia, na watu wanampongeza Bashiru kwa mabao anayoyaangalia kama wao. Fikirini alimpa jina la Bingwa wa Dirishani, na Bashiru hakuona kama ni dhihaka.

Mkongo haikufungwa tena msimu ule. Hata mwezi wa Ramadhani tulicheza, baada ya futari. Sikutaka kitu, dada. Nilifurahi tu kwamba kuna saa moja katika siku ambayo najua la kufanya. Lakini waliposema kutakuwa na zawadi za msimu, nilianza kutaka. Sikujua kwamba kutaka kunauma namna hii.

Zawadi zilitolewa Idi Pili. Baba mdogo alikuwa amempa fundi bati kopo la mafuta ya kupikia, akatengeneza kombe lenye masikio mawili, na jina likatobolewa kwa msumari. Nilisikiliza nikiwa nyuma ya kanga. Bingwa wa ligi, Bashiru Mshamu wa Mkongo. Mfungaji bora, sahani ya bati yenye maua, Bashiru Mshamu. Kipa bora, kofia nyekundu ya mtumba, Bashiru Mshamu. Wakamtaka aseme neno. Akamshukuru Mungu, akamshukuru mama, akamshukuru baba mdogo, akasema siri ya ushindi ni mazoezi na kutodharau mpinzani. Nilimsubiri aseme japo kwamba yupo mtu wa kushukuriwa ambaye hawezi kutajwa. Hiyo isingevunja mwiko wowote. Akasema wajipange vizuri wapigwe picha, ingawa hapakuwa na kamera.

Alipoingia nilimuuliza. Alinijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Alisema kumtaja mwali barazani ni kumdhalilisha, na yeye ananihifadhi. Nikamuuliza nikishatolewa, jina litabadilishwa? Akalitazama kombe, akasema bati likishatobolewa halizibiki. Nikamwendea mama. Mama akaniuliza mtoto wa kike kombe la bati nitalipeleka wapi, nikachotee maji? Bibi Sikudhani peke yake hakunikatisha. Alinisikiliza mpaka mwisho akinisugua mgongo, kisha akasema nigeuke, anisugue na tumbo.

Sasa nifike kwenye habari ambayo pengine imekwisha kufika huko. Twalibu wa Ikwiriri, anayechukua mitumba kwa baba mdogo, naye alipata ubao kama wetu. Wenzake wakaleta maneno kwamba kombe halikai kabatini, bingwa lazima alilinde. Bashiru akakubali mbele ya watu, kifua mbele, kisha akaja kuniambia siku. Hakuniuliza kama nataka. Nilimwambia nitacheza kama atakubali neno moja tu, aseme kabla ya mechi kwamba anayecheza si yeye. Asitaje jina. Akacheka, akasema watu wote wanajua hivyo, kuna haja gani ya kusema? Nikamjibu kwamba kama wote wanajua, basi kuna ubaya gani kusema? Akaniambia nisiwe na maneno ya mwalimu.

Walikuja Jumapili kwa pikapu, wamejaa matope mpaka kope. Bashiru alivaa kofia yake nyekundu. Akawaeleza wageni kwamba dirishani yupo msaidizi anayeshika vyuma, lakini akili ya mchezo ni yake. Nilisikia kila neno. Mechi ikaanza, na Mkongo ikafungwa goli moja, likafuata jingine, na jingine. Baba mdogo alidhani vyuma vimeshika kutu, akaomba mafuta ya cherehani. Bashiru alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Tulifungwa mpaka kumi, ambayo kwa kanuni yetu ndiyo mwisho, na sisi hatukupata hata moja. Kombe limekwenda Ikwiriri.

Dada, hili sijamwambia mtu. Vyuma havikuwa na kutu. Nilizuia mpira wa kwanza kwa mazoea, kisha nikaitoa mikono yangu nikaiweka mapajani. Kanga ilikuwa imefunika, hakuna aliyeona. Kipa alisimama pembeni nilipomwacha, na mimi nikatazama kifungo kinavyopita. Nilikuwa nalia, lakini si kwa sababu ya magoli.

Walipoanza kutafuta wa kumlaumu ndipo nilipoona jambo ambalo sikulifikiria. Hawakuweza kunilaumu mimi. Mwali hatajwi. Fikirini alimwendea Bashiru akamuuliza, kipa bora, magoli yote yale yalipita wapi, au kofia ilikuziba macho? Watu wakaangua kicheko. Bashiru akafungua mdomo kusema kwamba si yeye aliyecheza, na mimi nikashika pumzi, maana ndilo neno lile lile nililomwomba. Akaufunga. Kombe lenye jina lake lilikuwa mikononi mwa Twalibu.

Twalibu hakushangilia. Kabla ya kupanda pikapu alikuja karibu na dirisha, akasema kwa sauti ya kusikika, bila kumwelekea mtu, kwamba kombe analichukua kwa kuwa ndiyo kanuni, ila yeye leo alicheza na ubao mtupu, na mwenyewe akiwa tayari, Ikwiriri watarudi wafungwe kihalali. Wa kwetu walikaa msimu mzima wasiseme. Aliyesema ni mgeni aliyekuja kutushinda.

Bashiru sasa haendi barazani. Jana aliketi nje ya mlango wangu muda mrefu, akaniuliza kama nilikuwa naumwa. Nikamwambia hapana. Akauliza tena kwa sauti ndogo kama niliacha makusudi. Nikamwambia ndiyo. Nilingoja matusi. Alisema tu kwamba siku ile alipofungua mdomo maneno yalikuwepo, ila aliona haya. Nikamwambia haya hiyo naijua, nimekaa nayo tangu Idi. Hatujapatana bado, lakini ni mara ya kwanza tumezungumza habari hii bila mmoja wetu kumhifadhi mwenzake.

Nakuomba usimwambie mama. Sijutii, na hilo ndilo linaloniogopesha, kwa maana nilidhani nitajuta. Bibi Sikudhani anasema nitatolewa mpunga ukishavunwa. Njoo, dada, hata kama barabara ni mbaya. Siku hiyo nitapita mbele ya baraza lile nikiwa na uso wangu, na nataka awepo mtu mmoja anayejua nilichokifanya kwa mikono hii, vyote viwili, kushinda na kuacha.

Msalimie sana shemeji Abdulkarimu, mbusu Salama mashavu yote mawili, na wakwe zako wape heshima zangu. Mama anakusalimu, na Bibi Sikudhani anauliza kama unautumia msio au umeuacha kabatini. Karatasi imekwisha, nimebakiza nafasi ya kutia jina, nami nalitia lote.

Mdogo wako akupendaye,
Kudra binti Mshamu,
mchezaji wa Mkongo