Uliyekaa Mahali pa Mama

Mpendwa Yaya Feza, dada yangu,

Picha haiko tena ukutani. Iko hapa mezani mbele ya karatasi hii, na kila nikiandika mistari miwili nainua macho kukutazama. Miaka ishirini nimeiita picha hii Mama. Asubuhi kabla ya kwenda shule niliiaga. Nikifeli hesabu, niliiomba radhi. Na wewe ulikuwa ukipita nyuma yangu na ndoo ya maji, umenyamaza.

Laiti ungeniambia wewe mwenyewe. Ningekugombeza, unanijua, kisha ningekukumbatia. Kukugombeza nimeshakugombeza mara nyingi bila kujua nilichokuwa nafanya. Hilo la kukukumbatia limebaki mikononi mwangu na halina pa kwenda.

Ulikuwa na miaka kumi na sita Mama alipotutoka, mimi minne. Aliugua wiki moja tu. Halafu likatokea kosa lile ambalo mashangazi wa Moba hadi leo hawapendi litajwe. Mama alikuwa mwanamke wa kufunga kila kitu kwenye pindo la kikwembe alichojifunga: hela ya ndagala, ufunguo wa kabati, na karte yake ya uraia yenye ile picha ndogo, picha pekee aliyowahi kupigwa. Wanawake waliomwosha walimvika kikwembe alichokipenda, kile chenye ndege wa kijani, wala hawakufungua fundo. Siku ya tatu Papa akaitafuta karte ya mkewe. Wanawake wakatazamana, mmoja akaanza kulia upya. Sura ya Mama ilikuwa imeshateremka kaburini, imefungwa pindoni, na hakuna aliyethubutu kusema kaburi lifukuliwe.

Nimesimuliwa kwamba mimi ndiye niliyeisumbua nyumba baada ya hapo. Nilisahau uso wake upesi, kama watoto wanavyosahau, na kusahau kukaniuma. Sokoni nilikuwa nikishika sketi za wanawake na kukuuliza, "Ni huyu?" Ulinibeba mgongoni ukanirudisha nyumbani, kesho yake nikaanza tena. Papa alikuwa akirudi kutoka relini na mafuta ya injini mikononi, ananikuta nauliza, anakaa kizingitini bila hata kunawa.

Papa Moshi, mpiga picha, unamkumbuka kuliko mimi. Studio yake ilikuwa ng'ambo ya daraja la Lukuga, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ziwa. Watu wengi walikwenda kwa wapiga picha wa sokoni, wakasimama wima na redio mkononi, pembeni maua ya plastiki, wakatoka wameridhika. Papa Moshi alikuwa na mambo yake. Alitundika chandarua dirishani ili jua liingie limechujwa. Alichoma majani mabichi kwenye mbabula, lile jiko la makaa, mpaka chumba kijae moshi, akakugeuza bega, akakuambia umfikirie muntu uliyemukosa. Ndiyo maana maharusi wake wote walitoka wanafanana na wafiwa, na mji mzima ukamcheka. Lakini picha zake ukiziangalia mara moja, unarudi kuziangalia tena. Mtu unayemwona kila siku kwenye foleni ya bomba, ndani ya picha ya Papa Moshi unagundua kwamba hujawahi kumwona.

Kwake ndiko Papa alikokupeleka. Kikwembe chenye ndege kilikuwa na kipande cha pili, kilichobaki kabatini. Wakakufunga nacho kichwani, wakakutanda mabegani.

Picha ilipoletwa nyumbani niliambiwa huyu hapa ni Mama, nikanyamaza. Sikuuliza tena sokoni. Nikakua nikijua mama yangu alikuwa na shingo ndefu, uso nusu kwenye mwanga na nusu kivulini, na macho yanayonitazama mimi peke yangu. Kila mgeni aliyeingia nilimvuta mkono akamwone.

Wewe, kuanzia siku hiyo, hukupigwa picha tena. Nilidhani ni maringo. Kwenye harusi yako mumeo alimleta Papa Moshi na vifaa vyake vyote. Akawapiga wajomba, akawapiga mashemeji wa Kabalo, akanipiga mimi na soksi zangu zinazoteremka. Zamu yako ilipofika, ulishusha shela usoni ukageuka nyuma. Nikakuambia mbele ya watu, "Unaogopa kuibiwa uzuri?" Watu wakacheka. Ulicheka pia, nakumbuka mabega yako yalivyotikisika chini ya shela. Leo sina hakika kama kilikuwa kicheko.

Halafu lile neno. Nilikuwa na miaka kumi na saba, ulikuja kututembelea, na siku ya kuondoka ukachukua mzigo wako bila kuiaga picha. Nikakufuata hadi stesheni nikakutolea maneno. Nikasema, "Wewe hukumpenda Mama. Hata uso wake huwezi kuutazama." Uliweka kikapu chini. Ulinitengeneza kola ya blauzi, pole pole, ukasema, "Uiangalie muzuri ile foto, mudogo wangu. Uiangalie muzuri." Ukapanda treni. Kwa hasira sikukupungia mkono.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipokuona, Yaya. Nimeandika sentensi hii, nimeifuta, nimeiandika tena. Haibadiliki.

Habari ya homa yako ilitufikia kwa fonia, ile redio ya misioni. Nikapanda treni siku hiyohiyo, na treni ikalala Niemba siku mbili ikingoja injini nyingine. Nilitembea juu ya reli kwenda na kurudi, nikimuuliza kila mfanyakazi, na kila mmoja akanijibu, "Itafika, mama, itafika." Nilipofika kwenu Kabalo udongo ulikuwa umeshakauka juu yako. Nikamwomba mumeo picha yako, hata moja, nikutazame tu. Shemeji akafungua sanduku, akalifunga. Akasema, "Alikatazwa. Muulize Papa yenu."

Nilirudi nyumbani Kalemie nimebeba swali hilo. Papa amezeeka sasa, anavaa abakosi yake ya zamani, lile koti la heshima, hata akiwa hana pa kwenda. Nikamuuliza kwa sauti ambayo mtoto hapaswi kumtolea mzazi: iko wapi picha ya Yaya? Alisimama, akaishusha picha hii ukutani kwa mikono miwili, akaniwekea mapajani.

"Feza njo huyu," akasema.

Nilimwelewa mara moja, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Niliinamisha macho nikakuona. Shingo yako. Lile kovu dogo la mafuta ya moto kidoleni, linalochungulia chini ya kikwembe, ambalo nilikuwa nimeliona maelfu ya mara. Papa akaeleza huku ameutazama ukuta uliobaki mtupu. Alikuwa amekuambia, "Muntu akiona foto yako, atajua ile haiko ya mama yenu. Mudogo wako ataanza tena kulia." Ukaitika, ukakaa na agizo hilo mpaka kaburini. Nilitaka kumchukia Papa. Sikuweza, maana aliyelia nilikuwa mimi.

Kesho yake nikavuka daraja kwenda kwa Papa Moshi. Mikono inamtetemeka, hapigi picha tena, lakini chandarua bado kimetundikwa dirishani. Nikamwonyesha picha. Alicheka kidogo kwanza, akikumbuka Papa alivyofoka siku ile: "Miye natafuta foto ya bibi yangu, hapana ya moshi." Naye akamjibu, akimwita mwananchi kama desturi ya siku zile, "Sitwaye, bila moshi utaona mutoto wako. Na moshi, utaona bibi yako."

Kisha akaacha kucheka. Akaniambia kwamba ulikaa kwenye kiti saa nzima na picha haikutoka. Ulikuwa mtoto aliyevaa nguo za mama yake, basi. Alikuambia utazame dirishani, ukatazama. Umfikirie muntu uliyemukosa, ukalia, ikabidi wakufute uso. Walitaka kuacha.

"Halafu wewe ukaingia," akaniambia. "Walikuacha inje na watoto ya jirani, ukawatoroka. Ukasimama pale kwa mulango. Ukaona kile kikwembe ndani ya moshi, ukaita, 'Mama.' Yaya yako akageuka, akakuitika: 'Abe, mwanangu.' Miye nikabonyeza. Nilipiga ile moja tu."

Yaya, kwa hiyo macho haya yalikuwa yakinitazama kweli. Hukuwa unaigiza. Miaka yote nilipodai kwamba Mama ananitazama mimi, watu walitabasamu wakanionea huruma, kumbe nilikuwa nasema kweli, ila nilikosea jina.

Jana tulimaliza kilio chako hapa nyumbani. Unajua desturi yetu, picha ya marehemu huwekwa juu ya meza, na kitambaa cheupe, na watu wakiingia wanaanza kwayo. Papa aliniona natandika kitambaa akajua. Akanifuata, akanishika kiwiko. "Uirudishe ukutani, mwanangu," akasema. "Ukimupa Feza hii, utabaki na mama gani?"

Nilisimama na picha kifuani muda mrefu, wanawake wakaanza kunong'ona. Nikikurudishia uso wako, mimi sina mama tena, wala sitampata, yuko kule chini na fundo lake. Nikikunyima, unazikwa bila uso, na hakuna hata mtu mmoja katika mji huu atakayekulilia akikutazama. Niliwaza hivyo, nikasikia kichwani "abe, mwanangu," nikaiweka mezani.

Shangazi wa Moba akaja mbele, akainama, akashangaa. "Juu ya nini munaweka foto ya mama yenu? Aliyekufa si Feza?"

"Huyu njo Feza," nikamwambia. "Alikaa mahali pa Mama juu yangu miye."

Papa akavua kofia. Shangazi ndiye aliyekuwa miongoni mwa wale walioosha maiti ya Mama, naye alipiga magoti palepale mbele ya meza, akakulilia kwa jina lako, na nyumba nzima ikamfuata. Nilitaka ujue hilo. Umeliliwa, Yaya, umetazamwa usoni.

Mimi nimefiwa mara mbili kwa wiki moja, na wa kunibeba mgongoni ndiye huyo aliyezikwa. Naomba radhi kwa maneno ya stesheni. Naomba radhi kwa ile harusi. Nimeiangalia muzuri foto, kama ulivyosema, lakini nimechelewa.

Leo mchana, Papa akiwa amelala, nilisimama mlangoni, hatua chache kutoka meza hii, pengine umbali uleule wa siku ile. Zamani niliita Mama ukaitika jina lisilo lako. Leo nimekuita lako. Nimeita polepole, kisha kwa nguvu, mpaka Papa akaamka akaja kuangalia nina nini. Hukuitika.

Inuka sasa kwenye kiti kile, Yaya. Umekaa vya kutosha.

Mdogo wako,
yule wa mlangoni