Faulo Isiyokuwa ya Masanja

Jumapili, Juni. Upepo umeanza kabla ya jua kutoka na mpaka sasa haujatulia. Baridi ya Ufipa mwezi huu huingia kwenye viungo vya vidole, na vyangu ni vizito leo hata kubonyeza herufi moja. Zuhura, mwenye duka hili la kompyuta, ameniletea chai bila kuulizwa. Amenitazama usoni mara moja, akarudi kaunta.

Asubuhi nimemwambia Masanja.

Mnaosoma kurasa hizi mnajua kazi yangu kwenye timu yetu ya mpira wa kikapu. Mimi ndiye ninayekaa mezani na kuandika: kila kikapu, kila faulo, kalamu nyekundu na kalamu ya bluu. Mchezo huu nilifundishwa na mapadre ng'ambo ya ziwa, kabla hatujakimbia vita. Nilishuka bandari ya Kipili nikiwa na mke, sanduku moja na filimbi ya refa. Mke nimemzika hapa Malangali. Filimbi bado ninayo. Nimeishi nchi hii miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu, nimefundisha watoto wa hapa, nimejua Kifipa mpaka matusi yake, na kitu kimoja nilichopewa ambacho hakuna aliyeninyang'anya kilikuwa kalamu. "Mzee Karani kaandika," watu walisema, na ubishi ukaisha.

Mwaka huu timu yetu imecheza ligi ya taifa ya kulipwa kwa mara ya kwanza. Zamani timu kubwa zilikuwa za mashirika ya umma. Mashirika yameuzwa, na sasa mtu mwenye mashine za kusaga anaweza kununua jezi akawa na timu. Wa kwetu alifanya hivyo. Uwanja wetu ni sakafu ya saruji ya lililokuwa ghala la ushirika, ambako siku hizi wanunuzi binafsi huanika mahindi. Siku ya mechi mahindi yalisukumwa pembeni, kina mama wakafagia, na bado punje zilizosalia ziliwaangusha wageni. Waliotoka Dar walicheza na fulana mbili mbili, midomo imepauka. Tuliwacheka sana. Nyumbani tulishinda, ugenini tulipigwa, na hivyo hivyo msimu ukatufikisha kwenye mechi ya mwisho na timu ya Dar, hapa nyumbani. Tukishinda tunabaki kwenye ligi, tukifungwa tunashuka.

Masanja ndiye aliyekuwa nahodha, jezi namba nne. Ni mtoto wa wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Ana miaka thelathini na moja, umri ambao wengine wanastaafu. Klabu moja ya Dar ilimtuma mtu aje kumtazama siku hiyo, na mji mzima ulijua. Mtu huyo alikaa nyuma ya meza yangu, amevaa koti la ngozi.

Zikiwa zimebaki dakika mbili, tukiongoza, refa alipiga filimbi. Faulo, namba nne. Nikaandika. Nikaona miraba mitano ya Masanja imejaa, nikainua kibao chekundu chenye tano. Ukifika tano, unatoka.

Alikuja mpaka mezani. "Mzee, mimi nimehesabu nne."

"Fomu inasema tano, mwanangu."

Chini ya fomu kuna mahali ambapo nahodha anaweza kusaini kwamba analalamika. Asiposaini pale, mechi ikiisha imeisha. Nilimsogezea kalamu. Hakuigusa.

"Kama umeandika wewe, basi," alisema, akaenda kukaa.

Tulifungwa kwa pointi moja. Mwenye koti la ngozi aliinuka, akamwambia mwenyeji wake kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mchezaji asiyejua ana faulo ngapi nitampeleka wapi?" Masanja alikuwa hatua tatu tu kutoka pale.

Wiki nzima nimeitwa mgeni. Sokoni, mama ambaye miaka yote hunichagulia viazi vizuri aliwaambia wenzake nami nikisikia, "Angekuwa wa hapa angejifanya hajaona." Wengine wakasema nimenunuliwa na Dar.

Nami nikiri: nilifurahia. Nilitembea nimenyoosha mgongo. Nilijiona mtu anayeteswa kwa ajili ya ukweli, na nilijipenda mno.

Jana mchana kwenye banda la video kule Milanzi walionyesha mkanda wa mechi. Aliyeupiga ni mpiga picha wa harusi. Nilikwenda kwa makusudi, nionekane.

"Oya, Karani kaja!" kijana mmoja akapiga kelele. "Mpisheni mgeni akae, asije akatuandikia faulo na sisi!"

"Mimi tayari ninazo nne, nimekaa kimya!" mwingine akadakia. Banda zima likacheka.

Masanja alikuwepo. Alisimama akaniachia nafasi yake kwenye benchi. "Shikamoo, mzee. Kaa hapa, achana nao." Kisha akawageukia. "Huyu mzee hakosei. Niliyekosea ni mimi, nilipoteza hesabu kama mtoto mdogo. Mnataka nini tena?"

Wakaigeukia televisheni. Mkanda ukaendelea.

Mwanzoni mwa kipindi cha pili refa alipiga filimbi, akaigeukia meza, na kamera ilikuwa mbele yake. Mkono wa kushoto, vidole vinne. Mkono wa kulia, karibu na kifua, ngumi.

Namba za wachezaji wetu zinaanzia nne na kuishia kumi na tano. Kuanzia kumi na moja, refa hukunja ngumi ya kulia kuonyesha kumi, kisha vidole vya kushoto vinamalizia. Ngumi na vidole vinne ni kumi na nne. Nyuma ya refa, namba kumi na nne wetu alionekana akivuta jezi na kuondoka taratibu, kama mtu anayejua alichofanya.

Na mimi nilionekana pia, kwenye kona ya picha. Nimeinama, napuliza vidole vyangu kwa baridi, nikibadilisha kalamu nyekundu ya kipindi cha kwanza nichukue ya bluu. Nainua kichwa kwa kuchelewa. Naona vidole, sioni ngumi. Naandika faulo ya tatu ya namba nne.

Masanja alitolewa akiwa na faulo nne.

Hakuna aliyegundua. Vijana walikuwa wanangoja kuona vikapu, na Masanja alikuwa ameinamisha kichwa, hatazami. Mlangoni aliniuliza, "Umeona mwenyewe faulo zangu, mzee?"

"Nimeona," nikasema.

"Basi roho yangu imetulia. Kesho naondoka na lori, narudi kwenye ng'ombe wa baba."

Nilimwacha aende.

Matokeo hayawezi kubadilika. Fomu haina sahihi ya malalamiko, na haina kwa sababu aliniamini. Mwenye koti harudi. Nikisema, nitakachompa ni kujua kwamba alikuwa anahesabu sawasawa, na kwamba kalamu ya kujiokoa aliikataa kwa heshima yangu. Nilijiuliza kama huo nao si ukatili. Kisha nikaona ninajitafutia mlango wa kutokea.

Leo asubuhi nilimkuta kwenye lori, anafunga gunia. Nilimweleza yote mbele ya abiria wenzake, ngumi, baridi, kalamu.

"Kwa hiyo nilikuwa nahesabu sawa," akasema.

"Sawasawa."

"Na jana pale mlangoni ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akafunga fundo la mwisho. Nadhani kosa la mezani angelisamehe. Alipanda juu, lori likawashwa. Ndipo alipoinama juu ya mbao za ubavuni, mbele ya watu wote, akanitazama kwa tabasamu la vijana wa kijiweni.

"Mambo, mzee!"

Miaka saba nimemfahamu, hajawahi kuniamkia bila shikamoo. Mama mmoja juu ya gunia alishika mdomo. Wote waligeuka kunitazama, wakingoja nifoke, na kwa umri wangu nilikuwa na haki.

"Poa," nikajibu.

Zuhura ananiuliza kama nimemaliza, kuna watu wanasubiri mashine. Bado mstari mmoja tu, ambao ningepaswa kuuandika siku ile.

Namba nne: faulo nne.