Kwa Baba Leonidasi Kwizera, Mchoraji wa Kilima cha Lukole

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotuaga. Kiti chako cha kuchorea bado kipo barazani hapa Kanazi, na hakuna anayekikalia isipokuwa kuku.

Ulivuka mpaka kutoka Burundi ukiwa kijana, miaka ile ya vita, ukafikia kambini Lukole. Ulianza kwa kuandika vibao vya maduka, ukahamia kwenye kuchora milima kitambaani, kisha ukamwoa mama yetu Koleta. Babu Desderius, baba mkwe wako, aliuliza kama milima ya kitambaani inalimika. Baadaye ni yeye aliyekuwa akiwavuta wageni waje kuona kazi ya mkwe wake.

Picha zako zilifika Mwanza na Dar es Salaam. Mwenye duka mmoja alikuomba uongeze twiga, kwa kuwa watalii wanawapenda. Ulimjibu kwa upole kwamba hapa Ngara hatuna twiga, na akija mmoja atamaliza migomba ya watu.

Picha moja tu hukuiuza. Ni ile ya kilima cha Lukole, uliyoichora kikiwa kitupu, miti yake imeishia kwenye mafiga ya kambi. Kila masika yalipokwisha ulikwenda kukitazama, ukarudi ukaongeza ile miti iliyoota kweli, si zaidi. Wanunuzi walipokubembeleza ulisema, “Kilima hiki kilitupikia chakula. Sijamaliza kukirudishia.”

Tunajivunia kuitwa watoto wako.

Ulipougua ulimwambia Kezia, binti yako uliyemfundisha kazi, kuhusu picha ile, “Msiimalize. Muwe mnaongeza.” Tulipokwisha kukuzika tuliogopa kuigusa, tusije tukaiharibu. Masika ya mwaka huu yalipokwisha tulikwenda Lukole sote, tukaiona miti mipya. Nyumbani Kezia alishika brashi, machozi yakamtoka, akaiweka chini. Mama, ambaye maisha yake yote ameshika jembe, aliichukua brashi ile akachora mti mmoja. Umepinda, tena ni mkubwa kupita kiasi. Hatukuunyoosha.

Unakumbukwa na mkeo Koleta. Wanao Kezia, Frednand, na Agripina aliyeko Biharamulo. Baba mkwe wako Mzee Desderius. Wajukuu zako, na majirani wa Kanazi na Murukulazo.

Pumzika kwa amani, Baba. Kila masika yakiisha tutakukumbuka, na brashi tutaishika.