Uchafu Kwenye Kabati la Taa

Akra,
Jumatano jioni.

Kwa dada yangu mpendwa Araba,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Issahaku, pamoja na watoto, ambao naambiwa siku hizi wanamsahihisha baba yao Kidagbani, lugha ya kwao mwenyewe. Mgongo umepoa, au bado hospitali inakupangia zamu za mfululizo? Mimi kwa mwili ni mzima. Joto la hapa Akra halijapungua hata kidogo, na kwa kazi yangu joto si habari ndogo, kama utakavyoona.

Kwenye simu umeniuliza mara mbili kwa nini sikula kitu siku ya mazishi ya baba kule Cape Coast, na kwa nini nilicheza ngoma ya wafiwa kama mtu aliyesimamiwa na polisi. Nilikujibu kuwa ni uchungu. Ulikuwa uchungu kweli, ila sikukwambia wa nini. Jambo lenyewe siliwezi kwa simu, maana ukianza tu kulia mimi hunyamaza, basi afadhali niandike.

Unakumbuka ulivyonishikilia kuhusu mabango ya msiba. Ulisema baba amefundisha udereva nusu ya jiji hili, asiondoke kimyakimya kama mpangaji anayekimbia kodi. Nikachapisha yale makubwa kama mlango, baba amevaa kitambaa chake cha kente, juu yake yameandikwa Ameitwa Nyumbani. Siku ya mazishi madereva walifurika wamevaa nyekundu na nyeusi, na karibu kila mmoja alisema bango aliliona kwenye taa za njia panda ya Kiwanda cha Rangi. Ukanikumbatia mbele ya wajomba, ukasema mdogo wako ana akili. Nami nikazipokea sifa hizo.

Sasa nikueleze habari za Mzee Laryea, fundi wa matunzo kazini kwetu, ambaye amebakiza miezi minne astaafu. Mtambo wetu huongoza taa zote za barabarani kutoka Akra hadi Tema, na kila njia panda ina kabati la chuma lenye mashine inayoamua taa ipi iwake. Mashine hiyo hupumua kupitia matundu ya mlangoni. Ukiyaziba, inachemka. Kwa hiyo kila Jumatatu Mzee Laryea huzunguka na ndoo ya maji na kikwaruzo, akibandua mabango ya watu. Amri ya kukataza mabango niliiandika mimi na kuitia saini mimi. Akirudi jioni hunitania: "Injinia, leo nimefukuza marehemu kumi na wanne, na wote walikuwa wananichekea!"

Ijumaa ile, siku moja kabla ya mazishi, nikiwa nimeshafika Cape Coast, nilipigiwa simu kwamba saa saba mchana taa za Kiwanda cha Rangi zilizimika zote. Trotro, basi dogo lililokuwa linakimbilia abiria, ilimgonga Mama Dedei, muuza kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi, akiwa katikati ya barabara na beseni lake kichwani. Paja limevunjika mahali pawili. Niliporudi nilikwenda kumwona, nikampelekea machungwa. Akacheka akasema, "Injinia, taa zenu zinapenda usingizi kuliko mume wangu." Kisha akanishika mkono, akamwomba Mungu anilinde kazini. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za wodi.

Wakubwa walitaka kujua sababu, wakaniagiza mimi niandike ripoti. Niliandika kwamba mashine ilizidiwa na joto kwa sababu ya uchafu kwenye matundu ya kabati. Wakatazama fomu ya Jumatatu, wakakuta Mzee Laryea ameandika kabati ni safi. Wamemsimamisha kazi, na kesho saa tatu anaitwa mbele ya kamati, ambako kila mtu anajua atafukuzwa. Alipohojiwa mara ya kwanza alijibu neno moja tu, kwamba alisahau.

Dada, hakusahau. Bango lile nililibandika mimi, Jumapili baada ya kanisa, kwa mikono yangu. Nilikuwa nimetafuta kwenye mtambo ni taa gani nyekundu inayokawia kuliko zote katika mkoa mzima, nikaipata hiyo ya Kiwanda cha Rangi, sekunde mia na kumi, ili watu wamtazame baba mpaka watosheke. Nguzo ilikuwa nyembamba, lakini kabati lilikuwa kwenye usawa wa macho kabisa. Nikapaka gundi juu ya matundu nikijua ni matundu.

Kesho yake Mzee Laryea akanipigia simu: "Injinia, hapa kuna mzee mmoja mmefanana pua. Nimtoe?" Nikamwomba amwache mpaka Jumamosi ipite, na kwenye fomu aandike safi. Akasema sawa, baba ni baba. Jumatano mtambo ukaniletea onyo la joto la kabati lile. Nikalifuta. Alhamisi likarudi, nikalifuta tena, nikapanda gari nikaja kwenye msiba. Onyo lilikuwa jekundu, dada, nami ni mtoto wa mtu aliyewaambia wanafunzi wake wote kwamba nyekundu si ushauri.

Huo uchafu nilioandika kwenye ripoti ni uso wa baba.

Jana jioni Mzee Laryea alikuja kwangu na kitu alichokizungushia gazeti. Siku ya ajali yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Alililowesha bango kwa kitambaa, akalibandua polepole lisichanike, akalificha kabla wakubwa hawajafika. Alisema asingeweza kumpitishia kikwaruzo baba wa mtu siku moja kabla ya kuzikwa. Hakuniomba chochote. Alikunywa maji, akaulizia hali yako, akaaga. Sasa limekauka, liko hapa mezani ninapoandika. Matundu ya kabati yamejichora kwenye paji la uso wa baba na mashavuni, safu kwa safu, na pembeni karatasi imekuwa ya kahawia kwa joto. Hakuna ushahidi mwingine unaoweza kumwokoa mzee yule, na amekuja kuniachia mimi.

Kesho nitalikunjua mbele ya kamati na kusema yote, kisha niende kwa Mama Dedei nimwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Kazi pengine itakwenda, labda na polisi watanihitaji. Wajomba watasema nimemwaibisha baba hata kaburi halijakauka. Naogopa, dada, tena naona aibu mpaka jina lako naliandika kwa shida. Nisamehe kwa kukuacha unisifu.

Mwambie shemeji viazi vikuu alivyotuma vilifika salama, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Yale mabango ya baba kutimiza mwaka tangu afariki uliyosema utayachapisha, nakuomba uyaache. Na ukikasirika, nikasirikie mimi, usimkasirikie Mzee Laryea. Sisi wengine wote tulimlilia baba. Yeye ndiye aliyemshika kwa mikono miwili asichanike.

Ni mimi mdogo wako,
Ato Ekuban.