Makaburini na Mama Mkwe

Jumamosi, mwezi wa saba. Baridi kali. Mlima Kwaraa umejifunika ukungu tangu alfajiri.

Leo mwili wangu ni mwepesi kama wa mtu aliyetoka kuugua. Acha niandike kabla sijasahau maneno yenyewe.

Asubuhi nilikuwa nafua uani, hapa kwetu Nakwa, Babati. Mama mkwe akatokea amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Mama Neema, acha hizo nguo. Nipeleke kwa Emanueli."

Emanueli ni mume wangu. Amelala kwenye makaburi ya zamani ya kanisa. Tangu tumzike, mimi na mama tunaishi nyumba moja, tunalima pamoja mahindi na maharage, tunamlea binti yetu Neema.

Niliogopa. Kuna mwalimu mmoja wa kijiji cha Mutuka, mgane, mpole, ameniomba tuoane. Sijampa jibu, na nyumbani sijatamka neno. Nikiolewa, mama atabaki na nani? Na ndugu wa marehemu wataniachia mtoto?

Tulitembea taratibu, magoti yanamsumbua mama. Makaburi ya upande wa juu ni ya Wakristo wa kwanza wa hapa. Misalaba ya saruji imelika, majina hayasomeki, makaburi mengine ni mawe tu yaliyopangwa. Mama anawajua wengi. Anasimama, anainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Anangoja kidogo, kama anayesikiliza akiitikiwa, halafu tunaendelea. Huyu alimfundisha kusoma. Yule alifariki akijifungua, na mama, wakati huo msichana, aliimba kwenye msiba wake. Nimeishi Babati miaka yote hii na sikuwahi kupita upande ule. Kulikuwa kimya, kimya kizuri.

Kwa Emanueli tuling'oa magugu. Kisha mama akakaa ukingoni, akaweka kiganja juu ya saruji kama anayepima homa ya mtoto. Akaongea naye Kiiraqw. Mimi ni wa Singida, nilidaka neno moja moja.

Halafu akabadili.

"Sasa nasema Kiswahili, mke wako asikie. Mwanangu, huyu amekulilia vya kutosha. Na mimi amenitunza. Kuna mwalimu anamtaka. Mimi mama yako nimemruhusu. Na wewe mruhusu."

Nikakaa kwenye majani yenye umande.

"Mama, nani kakuambia?"

"Wewe mwenyewe. Simu ikiita unasema "ndiyo, mwalimu", unatoka nje, ukirudi unaimba. Mimi ni mzee, siyo kiziwi."

Tulicheka palepale makaburini. Kicheko kikageuka kilio, chake na changu.

Kisha nikamwuliza kuhusu Neema.

"Mtoto atakwenda na mama yake. Shemeji zako niachie mimi."

"Na wewe utabaki na nani?"

Aling'oa gugu moja lililosalia, akalikung'uta udongo.

"Nitakuwa mpweke kidogo. Siyo mara ya kwanza."

Hilo ndilo lililonichoma. Njia nzima ya kurudi alinishika mkono, na sikujua ni nani anamsaidia mwenzake.

Jioni nimempigia mwalimu. Nimemwambia nakubali, ila siji na mtoto peke yake. Nataka na mama mkwe wangu awe na chumba.

"Kipo kimoja kinachopata jua la asubuhi," akasema. "Kitayafaa magoti yake?"

Nililia tena. Leo ni siku ya machozi tu.

Sasa mama yuko chumba cha pili, namsikia akimwimbia Neema alale. Sijamwambia. Mwanamke huyu hataki hata kusaidiwa ndoo ya maji. Atakubali kuhamia kwa mume mpya wa mkwe wake? Watu watasema nini kanisani? Na mimi nina nguvu ya kumwomba?

Nitamwomba asubuhi, tukinywa chai. Akikataa, nitamwomba tena mchana.